Mtu wa Karibu

Jumatatu, 5 Februari

Mvua toka alfajiri. Simu tatu kabla sijamaliza chai. Ya kwanza: shimo la barabara pale darajani, limepasua tairi la mtu. Ya pili: shimo lile lile, tairi la mtu mwingine. Ya tatu: mavi ya mbwa kwenye njia ya kanisani. Bibi wa watu akaniuliza diwani nafanya nini kuhusu hilo. Nilitaka kumwambia nitaliitishia kura. Nikasema nitawaandikia wahusika. Hao wahusika sijawahi kuwaona kwa macho, na udiwani huu sikuuanza jana.

Kisha Nansi akapiga. Nansi ndiye msimamizi wa Bryn Tirion, nyumba ya wazee ya bonde letu, na si mtu wa kupiga simu ovyo. Hakuzungukazunguka. Barua imekuja, Mererid. Wanataka kutufunga.

Nilikaa kwenye ngazi na mabuti yangu ya shambani, matope yakidondoka kwenye zulia. Mama yuko mle. Mama yangu, pamoja na nusu ya watu walionifundisha kusoma, kukamua na kuimba.

Halmashauri yangu mwenyewe! Na mimi habari naipata kwa Nansi.

Jumatano, 7 Februari

Makao makuu. Kijana wa mipango alituonyesha picha ukutani. Nyumba mpya kubwa, kule mpakani na Uingereza. Lifti. Bafu la kumwinua mgonjwa. Bustani yenye viti ambavyo havijawahi kunyeshewa. Wazee wetu wote watahamishiwa huko kabla ya kiangazi.

Nikauliza: huko nani anasema Kiwelisi, lugha yetu?

Akajibu kwamba hilo ni swali zuri sana. Wakisema swali zuri sana, ujue jibu hawana. Kutakuwa na kadi za picha, akasema. Mzee akitaka maji anaonyesha picha ya glasi. Akiumwa anaonyesha picha ya uso uliokunjwa.

Mama Kiingereza kimemtoka chote. Alikuwa nacho, cha sokoni na cha redioni, kikamponyoka kidogo kidogo pamoja na majina ya wajukuu. Kimebaki Kiwelisi tu. Vuli iliyopita alilazwa hospitali, goti limevimba kama kiazi, akawa analia usiku na mchana kwa lugha yake kwamba anaumwa. Wauguzi wakaandika kwenye karatasi yake: mchangamfu, anaimba. Niliisoma mwenyewe. Anaimba!

Niliyasema hayo kikaoni. Halafu yule Blackwell akanyoosha mkono na kuuliza paa la Bryn Tirion liliezekwa mwaka gani. Paa!

Royston Blackwell ni diwani wa kata ya jirani. Mwingereza, mhandisi wa madaraja aliyestaafu, mjane. Amekaa kwetu miaka tisa na bado watu wanamwita yule mgeni wa Tŷ Draw, kwa jina la nyumba yake. Udiwani aliupata kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitokeza. Kiwelisi amejifundisha mwenyewe kwa kanda, na anakisema kama mtu anayesoma maandishi ya chupa ya dawa. Elfyn, diwani mwenzangu, aliniinamia sikioni: "Huyu hata mbele ya jeneza atauliza mbao ni za mti gani." Nilicheka vibaya, ikabidi nijifanye nakohoa.

Shimo la darajani bado lipo. Nimelipita mara mbili leo.

Jumapili, 11 Februari

Kanisani tulikuwa saba, na mmoja wetu ndiye mhubiri. Tuliimba sauti nne kama kawaida, ingawa besi yote ni Elfyn peke yake. Elfyn ni dalali wa mnada wa mifugo. Tumesoma darasa moja. Hajawahi kunyamaza toka siku ile ya kwanza.

Baada ya ibada akanihesabia kura kwenye ukuta wa makaburi, anapiga jiwe kwa kidole kana kwamba anauza mbuzi. Kamati itakayoamua ina watu kumi na watatu. Sisi wa mabonde sita. Wawili wa pwani wako nasi. Mwenyekiti na wenzake watatu wanataka kufunga. Blackwell hajulikani. "Hata akienda kwao, nane kwa tano! Nenda kalale usingizi, mwanamke. Una macho ya bundi."

Mchana nikaenda kwa Mama. Alikuwa dirishani anawaita ng'ombe kwa majina, ng'ombe ambao waliuzwa nikiwa na nywele za kusuka. Msichana wa zamu alikuwa anamwitikia. Mama akiita Seren, msichana anasema ameshaingia zizini, bibi. Akiita Penwen, anasema huyo anakuja, mkaidi kama kawaida yake. Mpaka wote wakaingia. Mama akashusha pumzi, akaomba chai.

Nilitoka nje nikalia kwenye gari. Hakuna kadi ya picha ya kitu kile.

Jumanne, 20 Februari

Siwan, mwanasheria wa halmashauri, kanipigia. Binti mpole, anaongea kana kwamba mtu amelala chumba cha pili. Samahani, Diwani Pugh, kuhusu Bryn Tirion. Mama yako ni mkazi. Kwa sheria huyo ni mtu wa karibu. Siku ya kura utatangaza maslahi yako, utatoka nje ya ukumbi, na kuanzia leo usimshawishi diwani yeyote kuhusu jambo hilo. Hata kwa utani.

Nikamwambia: binti yangu, nilichaguliwa kwa ajili ya mambo ya namna hii.

Anajua. Ipo njia moja. Kamati ya maadili inaweza kunipa ruhusa ya kusema na kupiga kura. Itakutana tarehe mosi Machi. Kura ni tarehe sita. Nimeshaomba.

Kwa hiyo leo nimekaa kimya siku nzima. Mtu kaniuliza dukani Bryn Tirion imefikia wapi, nikanunua maziwa ambayo sikuyahitaji, nikaondoka. Watadhani nimehongwa.

Alhamisi, 1 Machi

Sikukuu ya Mtakatifu Dafydd, na theluji mpaka kwenye kitasa cha mlango! Upepo wa mashariki unaingia hata pale ambapo hakuna tundu. Mabomba yameganda. Barabara yetu hakuna, imekuwa sehemu ya mlima.

Siwan kapiga. Kamati ya maadili imeahirishwa, wajumbe hawawezi kufika. Itakutana mwisho wa mwezi.

Mwisho wa mwezi! Kura ni Jumanne!

Sheria ni sheria, Diwani. Nasikitika sana. Na nadhani kweli anasikitika. Nilikata simu bila kumuaga. Kondoo wawili wameanza kuzaa mapema, wamechagua leo. Mafua yamenishika kifuani. Mume wangu angekuwa hai tungegombana nani atoke nje kwanza. Natoka mimi.

Ijumaa, 2 Machi

Blackwell!

Nimesikia koleo getini, nikadhani homa imenipanda kichwani. Alikuwa anachimba njia kutoka barabara kuu mpaka uani kwangu, kwa mkono, na gari lake lenye minyororo kwenye magurudumu analisogeza nyuma yake kidogo kidogo kama punda. Amesikia dukani kwamba niko peke yangu na kondoo wanazaa. Tangu asubuhi anachimba. Masikio yamekuwa mekundu kama nyama buchani.

Nikamwambia ungeganda ukafa humo njiani, tungekupata theluji ikiyeyuka. Akafikiri. Akasema, hapana, nilipiga hesabu.

Ameleta dawa ya kifua na sufuria ya cawl, supu yetu ya nyama na viazi, aliyopika mwenyewe. Ametia nyanya. Nyanya, kwenye cawl! Bibi yangu angeimwagia nguruwe. Nimekula bakuli mbili.

Jumamosi, 3 Machi

Karudi tena. Kondoo mmoja mchanga alikuwa amekwama tumboni, mguu umekunjika nyuma, na mikono yangu inatetemeka kwa homa. Nikamwambia amshike mama yake shingoni asiachie hata nikimtukana. Hakuachia. Uso ukawa kijivu, lakini hakuachia. Mwanakondoo alipotoka na kupiga chafya, Blackwell alikaa chini kwenye majani makavu na mavi yake yote, akaanza kucheka. Mimi pia. Sikumbuki mara ya mwisho nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Tulikunywa chai jikoni. Hatukutaja Bryn Tirion hata mara moja, tulikuwa tunaizunguka kama shimo la barabarani. Akasema nyumbani anaongea Kiwelisi na mbwa, kwa sababu mbwa hamhamishii kwenye Kiingereza. Watu wa huku wakimsikia anaanza sentensi wanamhurumia, wanahamia Kiingereza, na sentensi yake inabaki njiani. Alisema bila kulalamika, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Nikamwambia: basi leo hatuhami. Tukakaa saa nzima. Alitafuta maneno mengine mpaka darini, lakini aliyapata. Aliniambia habari za mkewe, Jean, jinsi alivyopenda baridi. Alipoondoka nyumba ikawa kubwa.

Nina miaka sitini na mbili na naandika upuuzi.

Jumanne, 6 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa, ingawa mkono hautaki.

Ukumbi ulijaa. Nansi na ndugu za wazee walikaa nyuma na makoti yao. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye maslahi ya kutangaza. Nikasimama. Mama yangu ni mkazi wa Bryn Tirion, natoka. Nilishajiandaa. Mimi natoka, wenzangu wanabaki, bado saba wako nasi. Nikachukua mkoba wangu.

Nyuma yangu kiti kikakwaruza. Elfyn kasimama! Kifua mbele. "Mwenyekiti, mjomba wangu yuko mle. Nami natoka."

Nikamtolea macho: kaa chini! Akaniinamishia kichwa kwa heshima, akidhani namshukuru.

Halafu wakaanza. Mmoja: binamu wa mke wangu yuko mle. Mwingine: yuko jirani aliyemlea baba yangu. Mwingine: shemeji ya dada yangu. Wanasimama mmoja mmoja, kofia mkononi, kama kanisani mtu anaposimama kuungama na wenzake wakaona aibu kubaki vitini. Wa mwisho alisema kwamba ndugu hana mle, ila mama yake mdogo aliwahi kuwa mpishi pale, na yeye hawezi kukaa wakati Mererid amesimama.

Siwan alikuwa ananyoosha mkono, anataka kusema kitu. Hakuna aliyemtazama. Mlango ukafungwa nyuma yetu.

Tukawa sita kwenye korido. Elfyn akagawa pipi za mnanaa. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, kajivunia kweli. "Leo tumekuonyesha heshima, Mererid. Waone kwamba hutoki peke yako."

Nikachungulia kwenye kioo cha mlango. Nikahesabu vichwa.

"Elfyn," nikamwambia, "humo ndani nani amebaki wa kutupigia kura?"

Pipi ikasimama shavuni mwake.

Wamebaki saba. Nansi kanisimulia baadaye. Wawili wa pwani walitutetea. Blackwell naye alisimama akasema paa lina uhai wa miaka thelathini, kuta ni nzima, takwimu za ukarabati ni za kupikwa, na kwamba mtu aliyepoteza lugha zote isipokuwa moja asinyang'anywe na hiyo. Akasema kipande hicho cha mwisho kwa Kiwelisi. Mwenyekiti akaangalia saa.

Wanne kwa watatu. Wanafunga.

Jumatano, 7 Machi

Sikulala. Kondoo watatu wamezaa, mmoja amezaa mapacha, wa pili amekufa.

Blackwell kapiga asubuhi. Akaanza na samahani. Akasema amesoma kanuni zote jana jioni, na unielewe vizuri, Mererid, wewe ulipaswa kutoka. Elfyn labda. Wale wanne hawakupaswa. Sheria inataja mtu wa karibu. Shemeji ya dada si mtu wa karibu.

Nikamwambia, kwetu ni wa karibu.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana mimi nilibaki kitini. Sikuwa na wa kumtaja."



Nikamuuliza: je, wale wanne wanaweza kurudi nyuma, waseme walikosea? Hawawezi. Wametangaza mbele ya watu, imeandikwa. Lakini kuna kifungu. Madiwani watatu wasio na maslahi, waliokuwa wameupinga uamuzi, wakisaini karatasi moja kabla ya saa sita mchana Jumanne ijayo, uamuzi unasimamishwa na kupelekwa baraza zima, mwezi ujao. Kufikia hapo kamati ya maadili itakuwa imekutana, na mimi pengine nimepata ruhusa. Madiwani watatu. Waliopinga ni watatu tu: wale wawili wa pwani na yeye.

Nikafungua mdomo. Akaniwahi: "Usiseme kitu. Huruhusiwi kuniomba. Nimekueleza kanuni, basi."

Mchana nilimpigia Elfyn nikamtukana kwa maneno ambayo sikujua ninayo. Aliyapokea yote. Mwishoni akasema kwa sauti ndogo kwamba mjomba wake amemuuliza leo anahamia wapi, naye kamdanganya. Nikajuta, lakini sikumwambia kwamba nimejuta.

Jumapili, 11 Machi

Sikukuu ya akina mama. Nilimpelekea Mama maua ya njano. Akayanusa, akanirudishia, akasema nimpelekee mama yangu.

Nansi anasema wafanyakazi wawili wameshaanza kutafuta kazi kwingine, naye hawalaumu. Jana alikuja mtu na futi ya kupimia, akapima vyumba huku wazee wamekaa ndani. Mama alimwambia aondoke na mguu wake mchafu. Mtu yule akamjibu kwa Kiingereza, thank you, akatabasamu. Nansi alinisimulia akicheka, halafu hakucheka tena.

Naogopa. Niandike hapa, kwa kuwa siwezi kumwambia mtu: naogopa Mama atakaa kule, kati ya watu wema kabisa wenye mikono safi, atasema anaumwa, na wataandika kwamba anaimba. Ataendelea kusema kwa siku kadhaa. Kisha atanyamaza. Sitakuwepo siku atakayonyamaza.

Elfyn alinisubiri getini, bado ana uso wa mbwa aliyefukuzwa. Wa pwani wote wawili wamesaini, akasema, si mimi niliyekwambia. Nikashukuru Mungu kwa sauti. Lakini akaendelea, anacheza na funguo zake. Juzi mnadani mwenyekiti wa kamati alikuwepo, na wanaume walikuwa wanatania. Gari la yule mgeni wa Tŷ Draw limelala wapi siku zile za theluji? Kwa Mererid! Siku mbili mfululizo! Mzee kapata joto! Unajua watu. Wakacheka, Elfyn naye kacheka. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Aliuliza siku zenyewe zilikuwa zipi.

"Halikulala," nikasema. "Saa kumi lilikuwa limeshaondoka."

"Mimi najua, dada. Nakwambia walivyosema."

Miaka tisa mtu anaishi hapa bila mtu kugonga mlango wake, na leo wameamua kwamba ana rafiki.

Jumatatu, 12 Machi

Hakuna simu. Nimeweka simu mfukoni mpaka zizini. Shimo la darajani wamelijaza leo, kwa kokoto, litafunguka Alhamisi.

Elfyn kapita jioni: Siwan ameongea na Blackwell. Zaidi ya hapo hajui. Karatasi haijafika.

Jumanne, 13 Machi

Naandika nikiwa mezani kwa Blackwell, Tŷ Draw. Hiki kijitabu hukaa mkobani kwa ajili ya vikao. Sina kingine cha kufanya na mikono yangu.

Nimekuja kurudisha sufuria yake. Nimeisugua mpaka inang'aa. Kurudisha sufuria si kushawishi. Hilo hata Siwan hawezi kulikataza. Njia nzima nilikuwa najiambia: sitaitaja Bryn Tirion, sitaitaja, nitaweka sufuria, nitasema asante, nitaondoka.

Alifungua mlango kabla sijagonga. Amevaa tai. Mtu yuko peke yake nyumbani, na amevaa tai. Ndani ni safi mno, picha ya Jean dirishani, vitabu vya Kiwelisi vya watoto vimepangwa kwa urefu. Mbwa alinikaribisha kuliko ninavyostahili. Na karatasi ipo mezani, saini mbili na mstari mmoja mtupu. Nikaangalia pembeni kama mtu aliyemkuta mwenzake hajavaa.

Nikasema, nimeleta sufuria.

Akasema, kaa, Mererid.

Akabaki amesimama. Siwan alimpigia jana, akasema. Kuna mtu ameuliza. Jambo la mama yako ni jambo lako, na likiwa lako ni la rafiki zako. Rafiki wa kweli huhesabiwa mtu wa karibu. Kama yeye ni rafiki yangu, ana maslahi, na saini yake haifai. Kama si rafiki, ni jirani tu aliyepita na koleo, basi inafaa. Siwan hakumwamulia. Alimwambia ajiulize mwenyewe.

"Nimejiuliza usiku mzima," akasema. "Ningekuwa kwetu ningejua. Huku sijawahi kuwa na uhakika. Watu wananipungia mkono barabarani, halafu miaka inapita. Nikiandika kwamba hatuna urafiki na si kweli, nitakuwa nimedanganya, na wataifuta. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Nitaandika utakalosema."

Halafu akaliuliza swali lenyewe kwa Kiwelisi. Sentensi nzima, haikukwama popote. Mimi na wewe ni marafiki?

Mungu wangu, alivyoniangalia! Hakuwa anauliza kwa ajili ya karatasi. Karatasi ilikuwepo, lakini hakuwa anauliza kwa ajili yake. Mtu wa miaka sabini, amefunga tai, anauliza kitu ambacho watoto huulizana uwanjani.

Na jibu nilikuwa nalo. Toka Jumamosi ile ya mwanakondoo ninalo. Nikamwona Mama dirishani anaita ng'ombe na hakuna wa kuwaitikia.

Nikasema hapana.

Nikasema, "Hapana, Royston. Tunafahamiana tu. Jirani yeyote angefanya vile."

Nilisema kwa Kiingereza. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kuiacha lugha yangu nje ya jambo hili.

Aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, taratibu, kama mtu anayekubaliana na hesabu iliyotoka sawa na alivyotarajia. "Ndivyo nilivyodhani," akasema, na yeye kwa Kiingereza. "Afadhali. Basi hakuna kizuizi." Akanishukuru kwa kuisugua sufuria. Akasema, ngoja nitafute kalamu. Akaingia jikoni, akafunga mlango.

Sasa ni saa tano na nusu. Siwan ataipokea hata kwa picha ya simu, mradi iwe kabla ya saa sita. Jikoni bomba la maji linafunguliwa, linafungwa, linafunguliwa tena. Droo hazijasikika. Mbwa amekwenda kulala mbele ya ule mlango, pua kwenye upenyo wa chini.

Siwezi kumwita. Nikimwita namhimiza, na kumhimiza nimekatazwa. Na nikimwita nitamwita kwa lugha gani?

Kalamu iko hapa mezani, kando ya karatasi. Aliishika mkononi muda wote alipokuwa akiniuliza.